Kwenye simu yangu kuna Mama Kuku Njoro wanne

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, saa tatu asubuhi, duka limejaa na mvua inanyesha, simu ikaita. Skrini ikaandika "Mama Kuku Njoro 3". Nikapokea kwa bashasha zote: "Mama, habari za Njoro? Hao kuku wa mayai wanaendeleaje?" Kimya kidogo. Kisha sauti ikaniambia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma: "Daktari, mimi ni yule wa brola, kuku wa nyama. Wa mayai ni jirani yangu. Na hao brola ni wewe uliniuzia, wiki tano zilizopita."

Nikacheka, naye akacheka, tukaagana vizuri. Vifaranga wa mzunguko uliofuata akachukua kwa mtu mwingine. Kwangu alirudi mwezi wa tisa.

Jioni ile nilifunga duka, nikaketi juu ya gunia la pumba na kupitia majina yote kwenye simu. Mama Kuku Njoro walikuwa wanne. Kuku Bahati, wa kule Bahati, walikuwa saba. Kulikuwa na "Mzee Kofia" na "Mzee Kofia Mpya", na mpaka leo sijui kama ni wazee wawili au ni kofia mbili. Kulikuwa na "Mteja wa Jana". Na kulikuwa na nambari moja niliyoisevu kwa jina "Usisahau". Nilikuwa nimesahau.

Nina duka la agrovet hapa Nakuru, si mbali na soko la Wakulima. Nilifungua miaka miwili kabla ya mji wetu kupewa hadhi ya jiji, ile Desemba ya 2021. Nauza dawa za ng'ombe, mbegu, chumvi ya mifugo na vyakula, lakini kinacholipa kodi ya nyumba ni vifaranga wa siku moja na kile watakachokula baadaye. Wateja huniita daktari. Nilichosomea ni cheti cha afya ya mifugo tu, na nilishachoka kuwasahihisha.

Mdogo wangu anafanya kazi za kompyuta Nairobi. Nilipomsimulia kisa cha brola aliniambia nikubali kuwa mtu mzima, ninunue programu ya kusimamia wateja. Nikanunua. Ilikuwa ya kigeni, ya kulipia kwa dola kila mwezi, tena kwa kichwa cha kila mtumiaji. Tulikuwa vichwa vitatu: mimi, kijana wa kaunta, na binti anayeshika simu na risiti. Bei kwa dola haikubadilika hata senti, lakini wakati ule shilingi ilikuwa inateremka kama gari lisilo na breki pale Salgaa. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na kila mwezi nikiona makato kwenye kadi najiuliza hii ni programu au ni mke wa pili.

Ningevumilia kama ingenisaidia. Haikunisaidia, na lawama nyingi ni zangu.

Mle ndani kulikuwa na nafasi ishirini na kitu za kujaza kwa kila mteja, nami nikaamuru zote zijazwe. Kampuni. Cheo. Tovuti. Hatua ya mauzo. Sasa mama anayefuga kuku 100 nyuma ya nyumba Kaptembwa ana cheo gani? Binti wangu ni mtiifu, aliandika "Mama". Kwa wanawake wote, ukurasa baada ya ukurasa, cheo: Mama. Kwa wanaume aliandika "Mzee", hata kwa vijana wa Chuo Kikuu cha Egerton wanaofuga kuku ishirini nyuma ya hosteli.

Sidhani aliyeitengeneza alikuwa mjinga. Alikuwa na mtu mwingine akilini. Moja ya programu za kwanza za aina hii inaitwa ACT!, ya Pat Sullivan na Mike Muhney, Wamarekani wawili, nayo ilitoka mwaka 1987. Iliundwa kwa ajili ya muuzaji anayezunguka na begi, ana ofisi za kutembelea, wakubwa wa kupigia simu na mkutano saa nane. Ukifungua nyingi za leo bado unamkuta yule muuzaji amekaa mle ndani na tai yake. Mimi siendi ofisini kwa mtu. Wateja wangu wanashuka kwenye matatu wakiwa na katoni tupu.

Halafu kukawa na shida ya sufuri. Nilitoa majina kwenye simu nikayaweka kwenye jedwali la kompyuta ili yaingizwe yote kwa pamoja. Jedwali likaona 0722 likadhani ni hesabu, na katika hesabu sufuri ya mwanzo haina kazi, likaila. Nambari zaidi ya mia nne zikabaki na tarakimu tisa. Nilizirudishia sufuri, nikaingiza upya, na sasa kila mtu ambaye awali alikuwa ameandikwa kwa +254 akawa watu wawili. Mwenye laini mbili, moja ya kupigiwa na nyingine ya pesa, akawa watatu. Kwa wiki nzima nilijiona nina biashara kubwa ajabu. Kama nawe uko njiani kufanya hivyo, kabla ya kubandika chochote iambie ile safu kwamba ni maandishi, si hesabu, kisha andika wote kwa mtindo mmoja wa +254, wenye laini za 07 na hizi mpya za 01. Ni kazi ya jioni moja. Mimi ilinichukua wiki tatu na machozi.

Baada ya miezi minne nikafuta usajili. Nikatoa faili langu, na hapo nikagundua kwamba lililotoka ni majina na nambari tu. Maelezo yote tuliyokuwa tumeandika chini ya kila mteja yalibaki huko huko kwao. Siku hizi kabla ya kuingia kwenye programu yoyote nauliza kwanza mlango wa kutokea uko wapi, na naujaribu kwa wateja watano.

Basi tukarudi kwenye daftari. Na ni daftari lililonifumbua macho, au tuseme ni mzee mmoja wa Mau Narok. Alipiga simu akaniuliza, "Daktari, leo ni siku ya ngapi?" Nikamjibu ni Alhamisi. Akasema hapana, anauliza kuku wake wana siku ngapi. Alikuwa ameambiwa chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa vifaranga, ni siku fulani, naye hakuandika siku aliyowachukua. Aliamini mimi nimeandika. Ikabidi nipekue vishina vya risiti robo saa nzima huku yeye akingoja na salio lake likiisha. Nilipompata, na kumwambia ni siku ya 13, alishusha pumzi nikaisikia mpaka Nakuru.

Siku hiyo nilihesabu simu zilizoingia. Sita ziliuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Nambari ya mzee huyu anayo kila mtu: anayo sacco yake, wanayo wanaomkopesha kwa simu, wanayo hata wale vijana wanaotuma "pesa tuma kwa nambari hii". Tarehe ambayo vifaranga wake walitoka kwenye kaunta yangu ninayo mimi peke yangu. Nami nilikuwa nimeitupa ndani ya kasha la vishina vya risiti.

Mfugaji wa kuku anaishi kwa kuhesabu siku. Ratiba hutofautiana kidogo kati ya kituo kimoja cha kuangua vifaranga na kingine, lakini kwa jumla chanjo ya kwanza ya kideri (Newcastle) iko karibu na siku ya 7 hadi 10, Gumboro kati ya siku ya 10 na 14 na tena kati ya 18 na 21, kideri ya pili inakaribia mwezi mmoja, ndui na homa ya matumbo zinafuata wiki ya sita na kuendelea, na kuku wa mayai hupewa kideri nyingine kabla ya kuanza kutaga. Brola anatoka wiki ya tano au ya sita, banda linaoshwa na kupumzishwa kama wiki mbili, kisha wengine wanaingia. Kuku wa mayai anaanza kutaga wiki ya 18 hadi 20, na wengi wetu huku tunamuuza akifika wiki ya 75 au 80. Kwa hiyo ukijua siku ya kwanza, unajua karibu kila siku ambayo mtu huyu atahitaji kitu dukani kwako kwa mwaka mmoja na nusu.

Mrudie sasa Mama Kuku Njoro 3. Alinipigia wiki ya tano. Hakupiga kunisalimia, alipiga kuweka oda ya mzunguko unaofuata. Mimi nikamkaribisha kwa kuku wa jirani.

Nikatafuta programu ndogo, ya bei nafuu, inayolipwa mara moja kwa mwaka. Sitaitaja kwa sababu hawajanilipa, na kwa sababu nyingine yoyote ya aina hiyo ingefaa. Nilifuta nafasi zote nikabakisha chache: jina analojiita mwenyewe, mahali, alichochukua na lini, aliletwa na nani, na tarehe inayofuata pamoja na sababu yake. Hiyo ya mwisho ndiyo roho. Mteja asiye na tarehe inayofuata haruhusiwi kuwepo kwenye orodha yetu. Hata kama ni miezi minane mbele, hata kama sababu ni "kumjulia hali", lazima iwepo. Asubuhi tukifungua duka hatufungui orodha ya wateja wote, ni 900 na ushei na wanatisha. Tunafungua wa leo. Leo walikuwa kumi na mmoja.

Kwa wa kuku wa mayai nimeweka tarehe moja ambayo kijana wa kaunta aliicheka alipoiona: mwaka mmoja kamili tangu wachukue vifaranga. Wakati huo kuku wake wanataga vizuri na hana haja nasi ila chakula. Lakini kama atawauza wiki ya 77, na wale wa kuwarithi wanahitaji wiki 18 hadi 20 kabla hawajataga, na oda yenyewe inangoja foleni ya kituo cha kuangua, basi mwezi wa kuanza kuzungumza ni huu. Wengi hawajawahi kuambiwa hivyo na mtu. Wanauza kuku wazee, wanakaa miezi mitano bila yai hata moja, wateja wao wa mayai wanahamia kwingine. Simu moja ya dakika tatu. Hapo ndipo programu ilipoanza kujilipia.

Ila kinachonifurahisha mpaka leo ni kichupa.

Kichupa kidogo cha chanjo ya Gumboro ninachouza ni cha kuku 100. Ukishaichanganya na maji una kama saa mbili, baada ya hapo unamwaga. Mwenye kuku 40 ananunua kichupa kizima, anatumia chini ya nusu, nyingine inaenda kwenye majani. Akiona hasara hiyo mara mbili, mara ya tatu anaacha kuchanja. Siwezi kumlaumu. Sasa, siku moja natazama wa wiki hiyo nikapanga kwa mahali, nikaona majina matatu ya upande mmoja wa Bahati: kuku 40, kuku 30, kuku 25. Wote walichukua katoni moja siku moja! Ile katoni ya vifaranga 100 ina vyumba vinne vya 25, na wao waligawana dukani kwangu mbele ya macho yangu. Nikawapigia. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile. Mmoja alidhani mwenzake alihama.

Walikutana kwenye lango la yule wa katikati, kila mtu na ndoo yake. Sikutaka mtu aingie banda la mwenzake na viatu vyake, maana hivyo ndivyo ugonjwa unavyotembelea majirani. Kijana wangu alipeleka kichupa kwenye kibebeo chenye barafu pamoja na pakiti ya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kwa sababu maji ya mfereji yana klorini na klorini inaua chanjo. Kuku walikuwa wamenyimwa maji tangu alfajiri ili wanywe haraka. Saa mbili unusu mchanganyiko uligawanywa, saa tatu na robo ulikuwa umeisha kwenye mabanda yote matatu.

Niliuza kichupa kimoja badala ya vitatu. Kijana wa kaunta alinung'unika, na kwa siku ile alikuwa na haki. Lakini kuku aliyekufa hali chakula, na pesa yangu mimi iko kwenye chakula. Kuku wa mayai mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku. Mia moja wanakula kilo 12. Gunia la kilo 70 la leyasi mashi halimalizi siku sita. Nilipoliona hilo nikaongeza kitu kingine kwenye programu: mwenye kuku mia ambaye alikuwa akichukua magunia mawili kila baada ya siku kumi na mbili, akipitisha siku ishirini, jina lake linajitokeza lenyewe. Kuku hawafungi saumu. Au wamekufa, au wameuzwa, au kuna mwenye duka jirani aliyeshusha bei kwa shilingi hamsini. Sababu zote tatu nazitaka nizijue mapema, na kwa kila moja nina la kumwambia, hata kama ni "pole" tu.

Hili la "pole" nililijifunza vibaya.

Nilipoona tarehe zinafanya kazi, nikajiona mjanja, nikaweka meseji zijitume zenyewe. Wiki ya 18 kila mwenye kuku wa mayai alipata: "Hongera! Kuku wako wanakaribia kutaga. Leyasi mashi ipo dukani, karibu." Niliipenda ile meseji. Niliitunga mwenyewe.

Siku moja, mchana, akaingia mzee mmoja wa Elburgon. Namfahamu, mtu wa maneno machache. Hakusalimia. Alitoa simu mfukoni, akaiweka juu ya kaunta, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja. "Daktari, hebu nisomee." Nikasoma kwa sauti, kama mjinga, mpaka neno karibu. Watu wengine dukani wakanyamaza. Akasema, "Mia tatu. Kideri. Wiki ya tisa. Nilikuja hapa nikamwambia huyu kijana." Kijana akainamisha kichwa. Ni kweli mzee alikuja, na kijana alimpa pole ya dhati na kiti akae. Ila hakuandika popote. Kwenye programu wale kuku mia tatu waliendelea kuishi, wakakua, wakafika wiki ya 18, wakapewa hongera.

Sikuwa na la kujitetea. Nilitoka nyuma ya kaunta, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikamwomba msamaha mbele ya watu. Alikunywa chai. Alipoondoka hakununua kitu, na sikutarajia anunue.

Tangu hapo hakuna meseji inayojituma. Programu inakumbusha, mtu anatuma. Na kabla ya tarehe inayofuata kuna neno moja la lazima: wapo, wameuzwa, wamekufa. Wakifa tarehe haifutwi, inabadilishwa sababu. Baada ya wiki tatu hivi mteja anapigiwa simu, si kuuziwa, ni kuulizwa kama banda limeoshwa na kama angependa tupite kuliangalia. Hiyo huwa naipiga mimi mwenyewe.

Suala la kuandika ni vita. Kijana wa kaunta ana mkono mwepesi kwa wateja na mzito kwa maandishi. Mwanzoni chini ya kila mteja aliandika "Ako poa". Au "Atarudi". Nikaweka sheria mbili: risiti haitoki kabla ya maneno kuingia, na yanayoingia ni maneno ya mteja mwenyewe, si maoni yetu. Kwa lugha yoyote, na makosa yote ya tahajia yanaruhusiwa. Sasa unakuta "amesema mfereji umekauka anachota mtoni". Wiki mbili baadaye huyo huyo akapiga kuku wanaharisha, na binti aliyepokea simu alishaanza kuuliza habari za maji kabla sijaitwa.

Na ile nafasi ya "aliletwa na". Niliiweka bila kuifikiria sana. Baada ya mwaka nikaipanga kwa idadi, na wa kwanza akatokea shosho mmoja wa Bahati, anayechukua vifaranga 25 kwa mwaka na kubishana bei mpaka ya kamba ya kufungia katoni. Nilikuwa namfanya angoje, nikiwahudumia wenye oda kubwa. Alikuwa ameniletea watu kumi na wanne. Wawili kati yao ni wenyeviti wa vyama vya akina mama, na chama kimoja kikiamua kufuga ni katoni tano kwa mpigo. Siku hizi shosho akiingia kiti kinatoka, na bei ya kamba nimemwachia. Kuhusu vyama vyenyewe, nambari ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Uchaguzi ukifanyika Januari, mwenyekiti mpya ana agrovet yake anayoijua. Andika na mweka hazina. Mweka hazina huwa habadilishwi ovyo.

WhatsApp naitumia, watu huniuliza. Lebo za kwenye WhatsApp Business zinatosha kama una wateja hamsini. Lakini ukituma kwa orodha ya matangazo, ujumbe unawafikia tu wale waliosevu nambari yako, na orodha moja haizidi watu 256. Nilitangaza bei ya vifaranga mara tatu nikishangaa kwa nini Molo yote imeninunia. Kumbe hawakuwa wamenisevu. Sasa binti akitoa risiti anaomba, "Nisevu, nikuone umesevu." Wengine wananisevu kama "Daktari Kuku". Sina neno.

Tena uliza ruhusa kabla ya kuandika mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya kamishna wake. Duka lenye mauzo yasiyofika milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida halilazimiki kujisajili, ila zipo kazi zilizotajwa ambazo haziachwi, na kutojisajili si kibali cha kumsumbua mtu kwa matangazo asiyoyataka. Hata anayelipa kwa Lipa na M-Pesa siku hizi nambari yake inatufikia imefichwa sehemu. Nilinung'unika mwanzoni. Lakini anayekupa nambari kwa mdomo wake ukimpigia anapokea.

Wiki iliyopita akaja mama mmoja, amevaa vizuri, akachukua kienyeji walioboreshwa 50. Binti akamwomba nambari, akaiingiza, programu ikakataa: huyu yupo tayari. Jina likajitokeza kwenye skrini, na skrini yetu inamwelekea mteja. MAMA KUKU NJORO 2 USIPIGE.

Lilikuwa andiko langu mimi, la enzi za simu. Nilikuwa nimelikuta nikisafisha orodha, nikajitahidi kukumbuka nikashindwa, nikaona bora niheshimu. Deni? Ugomvi? Mume mwenye wivu? Miaka miwili hakuna aliyempigia. Wenzake wa Njoro wote watatu wana majina sasa, yeye peke yake alibaki na ile nambari mbili.

Mama akasoma. Akasoma tena. "Nani amesema nisipigiwe?"

Nikasema sijui, labda ni wewe.

Akafikiri, halafu akapiga kaunta kwa kiganja. "Mimi ni mwalimu! Nilikwambia usipige mchana, niko darasani!"

Tumemwandika upya, kwa jina lake, na chini: mwalimu, piga baada ya saa kumi. Miaka hiyo miwili alinunua vikundi viwili vya kuku kwa mtu wa Njoro mjini, ameniambia bila kuficha. Vifaranga wake leo wana siku 9. Kesho saa kumi na robo nampigia, ni Gumboro.